Ukifuta Jina, Uje Jumatatu

Makocha wadogo, kabla ya yote niwaulize: ni nani kati yenu aliyeuondoa ubao?

Wiki iliyopita nilikuwa napita kando ya uwanja, nikienda zangu kutafuta mboga ya lenga-lenga, nikaona ukutani pale pamebaki misumari miwili na alama ya pembe nne mahali ambapo rangi haikuunguzwa na jua. Nikaingia kuuliza. Kijana mmoja mwenye filimbi mpya shingoni akanijibu kwa adabu zote: "Maman Coach, ile tableau ilikuwa inaleta fujo. Sasa liste tunaiweka ku téléphone. Na commentaire ya batu tumefunga, basitusumbue." Mmefunga! Nilirudi nyumbani bila mboga, nikala bugali na chumvi, na hasira juu yake.

Mlikuwa mmeniomba tangu mwaka juzi niwaandikie jambo kuhusu kazi yetu, nami nikawa nakwepa, maana kocha aliyestaafu akishika kalamu anaanza kujisifu. Leo naandika bila kukwepa. Mkikuta maneno makali, mkumbuke bugali na chumvi.

Kwa wale ambao wananijua kwa fimbo hii tu ninayotembelea: mimi ni Nsimire. Nilicheza basket nikiwa lycée, mfupi kuliko wote, na nilifundisha gymnastique shuleni kabla ya kuchukua timu ya Nyuki, ambayo ninyi mmeirithi. Nilikuwa mwanamke niliyefundisha wanaume warefu, na katika miaka yote ile sikumbuki hata mmoja wao aliyenisumbua kwa sababu hiyo. Walionisumbua ni mashabiki. Swali lao lilikuwa lile lile, sokoni, kanisani, hata kwenye matanga: "Maman Coach, saison hii tutakuwa ba ngapi?" Nilizika shangazi yangu, na padri hajamaliza kunyunyiza maji ya baraka, mtu akaninong'oneza nyuma ya sikio kuhusu goti la pivot wetu.

Pivot huyo, yaani yule anayecheza chini ya kikapu, alikuwa Bisimwa, mrefu wa kuinama kwenye kila mlango wa Bukavu. Nitarudi kwake.

Rais wa kilabu wakati huo alikuwa Papa Mugaruka, muuza vitenge wa soko la Kadutu, mtu mwema na mwenye sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Yeye ndiye aliyetangaza kwamba Nyuki ni timu ya professionnel. Maana yake ilikuwa hii: wachezaji walipewa sabuni ya kufulia jezi, na baada ya mechi walipewa bugali na maharagwe. Wakishinda, sambaza juu yake, wale samaki wadogo wa ziwani. Timu nyingine za mji hazikupata hata sabuni, kwa hiyo hatuwezi kusema alidanganya sana. Lakini neno lile, professionnel, liliwaingia mashabiki kichwani kama pombe. Tangu siku ile wakaanza kuzungumza juu yetu kama watu wanaosikiliza mechi za Ulaya kwenye redio.

Sasa ubao wenyewe. Msidhani naupenda. Niliuchukia kuliko mvua.

Desturi ilikuwa hivi. Mwezi mmoja kabla ya msimu, kila Jumapili baada ya misa ya pili, kocha anaandika kwa chaki majina ya watano atakaoanza nao. Halafu anasimama pembeni na kufunga mdomo. Yeyote anayeipenda Nyuki ana ruhusa ya kwenda ubaoni, kufuta jina moja, kuandika jingine mahali pake, na kueleza mbele ya watu kwa nini. Nimesema yeyote. Mwalimu wa chuo kikuu alifuta, muuza makaa alifuta, sista mmoja wa dispensaire alifuta kila mwaka na hakuwahi kueleweka. Kocha halazimiki kuufuata ubao, ila analazimika kusimama pale na kusikiliza mpaka mwisho. Jua la Bukavu si kali, lakini jaribuni kusimama chini yake saa mbili mkimsikiliza mtu ambaye hajawahi kushika mpira akiwaelezeni ulinzi wa zone.

Kulikuwa na sheria moja tu, na aliiweka mwalimu wangu katika kazi hii, Papa Bahizire, kocha aliyenitangulia: ukifuta jina la mtu, uje Jumatatu jioni kwenye mazoezi. Usimame kando ya mstari, uwatazame wote wawili wakicheza, uliyemfuta na uliyemwandika. Halafu urudie maneno yako ya Jumapili, uso kwa uso na yule uliyemfuta.

Mashabiki waliiheshimu sheria hiyo kuliko amri za Mungu. Mtu aliweza kukosa misa, Jumatatu hakosi. Kulikuwa na fundi cherehani mmoja, Tonton Dédé, ambaye kila Jumapili alimfuta Bisimwa kwa sababu ya lile goti, na kila Jumatatu alisimama chini ya Bisimwa, amenyanyua kidevu, akisema, "Hapana, miye nilisema tu ya kwamba... goti, ni kitu ya kuangalia." Bisimwa anamjibu, "Aksanti, Tonton." Jumapili inayofuata anamfuta tena.

Papa Bahizire alinifundisha mambo mengi ambayo hamtayaona kwenye téléphone. Alinifundisha kupima mpira bila pampu yenye mshale: uachie kutoka usawa wa paji la uso, na ukirudi hadi kiunoni, unacheza; ukiishia gotini, mpelekee fundi baiskeli. Alinionyesha kwamba uwanja wetu una mteremko kuelekea ziwani, jambo ambalo wageni waliligundua wakiwa wameshafungwa. Ndiyo sababu kipindi cha kwanza tulishambulia kikapu cha juu, ili kipindi cha pili, miguu ikichoka, tushambulie kwa kushuka. Na mitupo huru hakuniruhusu kuifundisha asubuhi watu wakiwa wamepumzika. "Nani anatupaka lancer franc akiwa amepumzika?" aliniuliza kwa ukali. Niliwapandisha vijana ngazi zote kutoka ziwani hadi uwanjani, mbio, na wakifika juu magoti yanatetemeka ndipo nawapa mpira. Walinitukana kwa lugha ya Mashi wakidhani sisikii. Mimi Mushi wa Kabare nisisikie?

Basi, vita. Vile vya kwanza vilipita juu yetu. Vya pili vilikuja vikakaa. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, barabara ya Minova leo imefunguliwa kesho imefungwa, ya Kamituga ni ya kujaribu bahati, na ndege ya Kinshasa tuliisikia katika mazungumzo tu. Timu ya Uvira haikuweza kupanda kuja kwetu. Ya Goma iliahidi, ikaahidi tena, ikanyamaza. Shule zilifunguliwa na kufungwa, watu walizika, watu walikimbilia kwa ndugu zao. Na kila Jumapili baada ya misa ya pili, pale ubaoni, wale wale, wamepiga pasi mashati, wanaulizana kama mwaka huu Nyuki itakuwa bingwa wa taifa.

Tonton Dédé alinikabili hadharani. "Maman Coach, tuambie kweli. Ku championnat ya taifa tutakuwa ba ngapi?"

"Championnat iko Kinshasa, Tonton. Tutaenda na nini?"

"Ile ni shida ya comité. Miye nauliza juu ya jeu, namna tunacheza."

Mnaona nilivyoishi? Jumapili moja bunduki zililia kutoka upande wa Panzi katikati ya maelezo yake. Tulilala chini wote, sista na mashabiki na mimi, pua kwenye simenti. Ziliponyamaza, Tonton Dédé akainuka, akapangusa magoti ya suruali, akaendelea pale pale alipoachia: "...na tena hajui kucheza na mukono ya kushoto." Watu wakaitika. Hakuna aliyecheka ila mimi, na kicheko changu hakikuwa cha furaha.

Nilichoka nao. Niliona ni upuuzi, na kwa kweli niliona aibu kuwa sehemu yake.

Katika timu alikuwepo kijana anaitwa Cirhuza, meneur wetu, yaani yule anayeleta mpira na kuuongoza mchezo. Alikuwa na miaka ishirini. Sijafundisha mwingine wa namna ile: aliona pasi kabla mwenye kupokea hajajua kwamba anakimbia. Kasoro yake ilikuwa kuushikilia mpira sana, akiupenda kama mtoto na pipi. Mama yake, Maman Furaha, alikuwa anauza sambaza katika soko la Nyawera. Kaka yake mkubwa alikuwa ameondoka na watu wenye silaha kuelekea milimani, na tangu siku hiyo hakuna salamu iliyorudi.

Maman Furaha alinijia nyumbani akiwa bado na harufu ya samaki mikononi. Hakutaka kukaa.

"Maman Coach, miye sijue basket," alisema. "Lakini batu banakuja kumuita Cirhuza. Banakuja usiku, banakuja na muchana. Mukubwa alishaenda. Umushike ule. Hata umuweke ku banc, asicheze, lakini umushike."

Nilimwahidi. Niliahidi kwa wepesi, kwa sababu wakati huo haikuwa kazi. Kijana alikuja mazoezini kila siku kwa miguu yake mwenyewe.

Halafu Papa Mugaruka akafanya jambo la busara, na ndipo matatizo yalipoanza. Jumapili moja, majina yangu matano yamekwisha andikwa, alikwenda ubaoni na kitambaa chenye maji. Watu walidhani anafuta moja. Akafuta yote.

"Batu ya Nyuki," alisema, "comité imekaa. Saison haitakuwa. Barabara haiko, adversaire haiko, ligue iko kimya. Tusijidanganye tena. Murudie nyumbani, tuombee amani."

Hakuna aliyebisha, kwa mara ya kwanza tangu ubao ule utundikwe. Tonton Dédé alikunja mikono, akaikunjua, akaondoka. Mimi nilipumua. Mtu amesema ukweli hatimaye, nilijiambia, na nilienda nyumbani nikalala mchana kama askofu.

Jumatatu jioni nilikwenda uwanjani na mipira. Walikuja watatu. Bisimwa alikuja kwa sababu Bisimwa angekuja hata kama dunia imekwisha. Cirhuza hakuja. Na kando ya mstari hapakuwa na mtu. Ndipo nilipoangalia ule mstari mtupu nikaelewa jambo ambalo ninyi wenye kufunga commentaire hamjalielewa: kwa kuwa hakuna aliyefutwa Jumapili, hakuna aliyekuja Jumatatu kumtazama, na kwa kuwa hakuna wa kuwatazama, wachezaji nao waje kufanya nini? Kubeba sabuni?

Maman Furaha alinikuta kwenye ngazi za uwanja. Hakusalimu. "Ameshona sac," alisema. "Siku ya ine anaenda Kamituga na Innocent. Banasema kuna camion ya kubeba batu."

Innocent alikuwa rafiki yake Cirhuza, jirani, kijana mcheshi aliyepiga ngoma kwenye mechi zetu. Na Kamituga, nyote mnajua, ni dhahabu. Lakini siku zile barabara ile ilikuwa na watu wake. Wengi walioaga kwamba wanakwenda kuchimba walisimamishwa njiani, wakapewa kitu kingine cha kushika badala ya sururu. Mama yake alilijua hilo kuliko mimi, maana mwanawe wa kwanza aliaga hivyo hivyo.

Nilikwenda kwao jioni hiyo hiyo. Cirhuza alinipa kiti, akabaki amesimama.

"Coach, usinikasirikie," alisema. "Niko na miaka makumi mbili. Nalala kwa maman, nakula sambaza ya maman. Nilikuwa meneur, ilikuwa muzuri. Sasa miye niko meneur ya nini? Saison haiko."

Nilimweleza habari za barabara. Alijua. Nilimweleza habari za kaka yake, akaangalia pembeni. Nilimwambia timu inamhitaji, na hata mimi nilisikia jinsi lilivyokuwa neno tupu: timu gani? Rais ameifuta mbele ya watu wote, kwa kitambaa chenye maji. Niliondoka pale nimeshindwa, na sikumbuki nimewahi kurudi nyumbani na miguu mizito namna ile, hata baada ya kufungwa.

Sikurudi moja kwa moja. Nilipitia kwa Papa Bahizire, kule mtaa wa Muhumba. Nilimkuta na miguu yake iliyovimba ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, akimgombeza mkewe kwamba maji yamepoa. Msitarajie hekima. Mzee alikuwa na mkorofi ndani yake, na siku hiyo mkorofi ndiye aliyekuwa macho. Nilimweleza yote, Cirhuza, camion, mama yake. Alinisikiliza akikanyaga-kanyaga maji.

"Sawa," alisema. "Lakini mwaka hii ungeanza na nani?"

"Papa, saison haiko!"

"Nimesikia. Ungeanza na nani?"

Nilimtajia matano yangu kwa hasira, ili tu anyamaze. Nilipofika kwa Cirhuza akapiga ulimi.

"Cirhuza? Miye ningemufuta. Anashikilia mpira sana."

Makocha wadogo, nilisimama. Nilisimama katika nyumba ya watu, mkono kiunoni, nikamwambia yule mzee mgonjwa kwamba haoni vizuri tena, kwamba Cirhuza ndiye meneur bora tangu timu ianzishwe, kwamba kama anataka kumfuta aje Jumatatu amtazame! Alinijibu, nami nikamjibu, mkewe akaja kutoka jikoni kutuangalia. Nikakuta nimebishana naye hadi maji ya beseni yamepoa kabisa, na kwa muda wote huo sikuikumbuka vita hata kidogo.

 Nikamuomba mkewe kipande cha chaki, maana wajukuu zake walikuwa wanafunzi.

Jumatano alfajiri niliandika ubaoni kwa herufi kubwa: WATANO WA NYUKI, MSIMU UNAOKUJA. Wanne wa kawaida, Bisimwa akiwa wa kwanza. Na mahali pa meneur niliandika Patient.

Patient alikuwa mpwa wa Tonton Dédé. Kijana mzuri, mwenye adabu, anayeheshimu wakubwa, na anayecheza basket kama mtu anayefukuza kuku. Mungu anisamehe, hakunikosea kitu.

Saa nne haijafika mji ulikuwa na habari. Nilipita njia panda ya Feu Rouge, na mmoja wa wapiga gumzo akasema nyuma yangu, kwa nguvu ya kutosha nisikie, kwamba wanawake hawa ndio wanaomaliza timu. Muuza mkate alinipa mkate bila kuniangalia. Nilifika Nyawera, na pale Maman Furaha alifunika sambaza zake kwa kitambaa kama aliyeona nzi.

"Nilikuomba umuweke ku banc!" alipiga kelele, soko zima likageuka. "Ku banc! Sikukuambia umufute! Mutoto yangu amekukosea nini? Patient? PATIENT?"

Yeye, asiyejua basket, alijua habari za Patient. Nilitaka kumweleza, lakini mkieleza jambo Nyawera mmelieleza Bukavu nzima. Nilikaza mdomo nikapokea matusi yangu. Kati ya yote niliyoyapokea katika kazi, hayo ndiyo yaliyouma, kwa sababu yalikuwa ya mama aliyekuwa analia.

Mchana Papa Mugaruka alinijia na kijasho.

"Maman Coach, nilisema saison haiko!"

"Ndiyo, Président. Haiko."

"Haiko!" Alivuta pumzi. "Sasa, haiko. Lakini kama ingekuwa iko, wewe ungeacha Cirhuza?"

"Njoo ufute, Président. Ubao uko wazi."

Hakufuta. Alikuwa amekwisha tangaza kwamba hakuna msimu, angefutaje jina katika msimu usiokuwepo? Lakini alizunguka ule ubao mara kadhaa, mikono nyuma, akiguna.

Wengine walikuja wakitaka kufuta, nikawazuia wote. Niliwaambia kesho asubuhi. Hilo halikuwa katika desturi, na walilalamika, na mimi nikawajibu vibaya, kwa sababu mkono niliokuwa nausubiri haukuwa wao.

Alhamisi ilianza na mvua, ile yetu inayoshusha udongo mwekundu hadi ziwani. Nilisimama chini ya kipande cha bati kilichofunika ubao. Watu walikuwepo, chini ya miavuli na majani ya migomba: Tonton Dédé amekuja kumtetea mpwa wake, sista, Bisimwa akiloa kwa sababu hakuna mwavuli uliomfikia. Camion ilikuwa imesimama juu barabarani, tuliisikia ikinguruma.

Cirhuza alishuka ngazi na begi mgongoni. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja ubaoni, akafuta jina la Patient kwa kiganja, akachukua chaki mkononi mwangu, akaandika Cirhuza. Chaki ilikuwa imeloa, aliikandamiza hadi ikavunjika.

"Patient hawezi kupitisha mpira na kushoto," alisema mbele ya watu. "Hawezi na kulia vilevile. Wewe unajua, Coach. Unajua!"

"Mchezaji hajawahi kufuta jina," nilimwambia. "Lakini desturi haikatazi. Umefuta. Uje Jumatatu, umtazame, umwambie hayo Patient usoni."

"Lundi nitakuwa Kamituga."

"Basi rudisha jina la Patient."

Mnisikilize hapa, maana hakuna chuo kitakachowafundisha. Sikumwomba abaki. Nilikuwa nimeomba Jumatatu na nikashindwa. Nilimpa kipande kile kilichobaki cha chaki, nikanyoosha mkono kumwonyesha ubao. Alikipokea. Aliangalia jina lake, akaangalia juu barabarani. Camion ilipiga honi. Innocent aliita mara mbili, "Cirhuza! Cirhuza, tunaachwa!" Tonton Dédé alifungua mdomo, na kwa mara moja katika maisha yake alitambua kwamba afadhali aufunge.

Kijana alisogeza chaki hadi kwenye herufi ya kwanza ya jina lake. Mkono ukasimama pale. Nilikuwa naomba ndani ya tumbo langu sala ambazo sikuwa nimezisali tangu komunyo ya kwanza. Kisha akaishusha ile chaki, akasema kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyemkosea, na kweli nilikuwa nimemkosea: "Patient hawezi, Coach. Hawezi! Siwezi kuandika bongo, kitu ya uongo."

Akatua begi chini, ndani ya maji, nalo likaloa. Honi ililia tena, halafu camion ikapandisha mlima na Innocent ndani yake.

Jumatatu uwanja ulijaa. Walikuja hata wasiofuta kitu. Patient alicheza, maskini, na Cirhuza akasimama mbele yake akamwambia yote, kisha akamshika bega na kuanza kumfundisha mkono wa kushoto pale pale. Maman Furaha alisimama kando ya mstari na ndoo yake ya sambaza. Baadaye nilikuta sambaza mlangoni kwangu, zimefungwa kwenye jani, nyingi kuliko za ushindi.

Msimu haukuja mwaka ule, wala mwaka uliofuata. Papa Mugaruka alikuwa amesema kweli tangu mwanzo. Lakini hakugusa tena kitambaa. Kila Jumapili niliandika majina matano ya timu isiyokuwa na mechi, na kila Jumapili nikahakikisha kuna moja la kipumbavu ndani yake. Nilitukanwa kwa muda wote wa vita. Walinipigia kelele, walitishia kuniondoa, waliandika barua kwa comité. Mashabiki hao nilikuwa nawachukia kwa moyo wangu wote, na Jumatatu niliwahesabu wachezaji wangu nikiwa kando ya mstari, na walikuwepo.

Innocent hakurudi. Mama yake tunakutana naye kanisani, na akiniuliza habari za Nyuki namjibu kwa urefu wote anaoutaka. Sijawahi kumfikisha mwanawe ubaoni. Hakuwa mchezaji, alikuwa mpiga ngoma, na sikuwa na mahali pa kuandika jina lake. Hilo linaniuma hadi leo.

Cirhuza mnamjua. Ndiye yule mwenye kitambi anayefundisha hesabu, anayewasumbua kila mwaka kabla ya msimu na maswali yake, yule ambaye ninyi, nimesikia, mlimtoa kwenye groupe ya téléphone kwa sababu anabishana sana. Mlimtoa! Yeye!

Sasa nisikilizeni. Ubao nimeupata. Ulikuwa stoo ya parokia, nyuma ya viti vilivyovunjika, na panya hawakuugusa. Jumapili baada ya misa ya pili Cirhuza ataubeba hadi uwanjani, na misumari bado ipo. Chaki nitaleta mwenyewe. Andikeni matano yenu, mkae pembeni, mfunge midomo. Nimemwona meneur wenu mpya akicheza. Ni mzuri, lakini anashikilia mpira sana. Nitamfuta.

Na Jumatatu nitakuja.